Salamu Chini ya Hadubini

Chafya ndiyo iliyowakutanisha, na mafundi wa mtaa wa Adum wakiikumbuka hadi leo hucheka mpaka kushika mbavu.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo mji mzima wa Kumasi huwa mbio mbio kujiandaa kwa mazishi ya Jumamosi. Uchochoro wa mafundi simu ulikuwa umefurika. Wauza kava walikuwa wakipaza sauti, wanawake wenye mabeseni kichwani wakipenya wanavyojua wenyewe, na harufu ya utomvu unaoungua kwenye ncha za vyuma vya kulehemia ilikuwa imechanganyika na ya ndizi zilizotiwa tangawizi zinazokaangwa pembeni. Katikati ya zogo hilo alikaa Dufie. Nywele zake alizikata fupi kabisa, unywele usije ukadondokea kazini, na gauni lake la kitambaa cha kijani lilikuwa limemkaa likamkubali. Macho yake yalikuwa yamezama kwenye hadubini. Kwa kibanio alikuwa ameshika kipande kidogo kama chembe ya chumvi, anakishusha taratibu kwenye bodi ya simu, pale ambapo tone la risasi ya kulehemia lilikuwa likikingoja. Kazi hiyo haitaki pumzi, na Dufie alikuwa ameibana yake.

Ndipo akatokea kijana mrefu, shati jeupe limelowa jasho, begani amebeba mtambo wa kuchanganyia sauti uliojaa vumbi. Akainama ili aulize. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya iliyowashtua mpaka wauza ndizi.

"Wee!" Dufie aliinua kichwa. "Umekipeleka wapi?"

"Nini?"

"Kipande changu!"

"Dada yangu, mbona mimi sikuona kitu?"

"Utakionaje? Hata mimi bila lenzi sikioni. Hee, usitembee! Usiinue mguu! Piga magoti hapo hapo ulipo."

Jirani yake Issifu, muuza kava, akaangua kicheko. "Jamani, hata jina la mwanamume hajalijua, ameshampigisha magoti!"

Wakatafuta wote wawili wakiwa wamepiga magoti, na tochi za simu, huku wapita njia wakiwaruka. Kumbe kipande hakikuanguka. Dufie alipomwangaza mwenzake kifuani alikiona kinameta, kimenata kwenye jasho la shati. Akasogea na kibanio chake.

"Usipumue," alimwambia.

"Na nikifa?"

"Mtambo huo si wa mazishi? Basi utazikwa bila kukodi muziki."

Kijana akacheka kimoyomoyo, maana kucheka kwa mdomo alikuwa amekatazwa. Dufie alikuwa karibu kiasi cha kusikia moyo wa mwanamume huyo ukidunda chini ya shati. Alikitoa kipande, akabaki amekishika kwa kibanio, akasahau kurudi kwenye benchi.

Jina la kijana lilikuwa Bediako, lakini kuanzia siku ile kwa Dufie alikuwa Chafya.

Bediako alikuwa akikodisha spika na vipaza sauti kwa mazishi na harusi, kazi aliyoiacha marehemu baba yake na ambayo mama yake, Mama Birago, ndiye aliyekuwa akiisimamia. Mtambo ulipona siku ile ile, lakini yeye hakupona. Kila alipopata nafasi alikuwa Adum, kwenye benchi la Dufie, na sahani ya wali wa kunde mapajani.

"Chafya, hapa si mgahawa."

"Nimekuja kujifunza kazi. Nieleze, hicho kinasimama kwa nini?"

Dufie alimsogezea hadubini aone. Kipande kimoja kilikuwa kimesimama wima juu ya bodi kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. "Ncha zake zote mbili zinatakiwa zipate moto pamoja. Upande mmoja ukiyeyuka kabla ya mwingine, unakivuta, kinasimama."

"Basi mimi ni kipande hicho. Nimesimama tangu Ijumaa ile, nangoja upande wako uyeyuke."

"Mwongo mkubwa."

"Sijalala, mpenzi. Nilehemu nitulie."

Dufie alicheka mpaka akavua miwani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Issifu akaanza kumwita Bediako shemeji, naye akaitika bila kuona haya.

Kitu kimoja Bediako alikijifunza mapema kuliko vyote. Dufie akiwa kwenye lenzi, hainui kichwa. Simu yake inaita mpaka inakata. Ukimsalimu anakujibu, lakini kwa mnong'ono mdogo kabisa, mdomo haufunguki, kifua hakitikisiki. Mwanzoni Bediako alidhani anapuuzwa. Baadaye akawa anainama, anatega sikio karibu na shavu lake, na kumbe maneno yapo.

"Umesema?"

"Nimesema nakupenda, pisha mwanga."

Wakapanga. Watu wa Bediako wangekuja kwa kina Dufie Jumamosi ya mwisho wa mwezi kubisha hodi ya posa, na vinywaji vyao mkononi kama ilivyo ada, waseme wameliona ua zuri uani wanataka kulichuma. Dufie alishonesha nguo mpya ya rangi ya dhahabu. Kila jioni alikuwa akiitoa, anaijaribu, anairudisha.

Wiki ile Bediako alimletea kazi ndogo. Kilikuwa kifaa cha kusikilizia, kile kinachokaa nyuma ya sikio, kimekufa.

"Cha nani?"

Bediako alikohoa kidogo. "Cha baba wa mteja wangu mmoja. Mzee anakihitaji sana. Tafadhali, mpenzi, usimpe mtu mwingine akiguse."

Dufie alikifungua asubuhi iliyofuata. Bodi yake ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kipande kilichoungua kilikuwa kidogo kuliko vyote alivyowahi kugusa. Alikishika kipya kwa kibanio mkononi mwake wa kulia, chuma cha moto kikiwa kushoto, na akawa anakishusha. Hapo ndipo alipohisi mtu amesimama mbele ya meza.

"Mwanangu, habari za kazi?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Kwa pembe ya jicho Dufie aliona kitambaa cha zambarau na mkoba mweusi.

"Njema, Mama. Karibu," alinong'ona bila kuinua kichwa. Mkono wa kulia ukiachia, kipande kimepotea, na hakikuwa na mwenzake Kumasi nzima. Akaweka chuma kwenye kishikizi, akainua mkono wa kushoto kumwomba mama asubiri kidogo, na kwa kuwa mkubwa hapewi ishara kwa kushoto akaongeza, kwa mnong'ono ule ule, "Samahani kwa kushoto, Mama."

Kipande kikakaa. Dufie akashusha pumzi na kuinua kichwa huku akitabasamu. Mbele ya meza hapakuwa na mtu.

"Alikuwa anataka nini?" alimuuliza Issifu.

"Nani ajue. Amekutazama, akatazama mkono wako, ameondoka kama aliyepigwa kofi."

Jioni Bediako alikuja kuchukua kifaa, akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake anapiga mluzi. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Dufie kuusikia mluzi huo kwa kipindi kirefu.

Kesho yake alipompigia, sauti haikuwa ile.

"Chafya wangu, umeamkaje?"

"Salama."

"Salama tu? Mpenzi wako yuko wapi?"

"Dufie, nina kazi. Nitakupigia."

Hakupiga. Siku zilizofuata alikuwa na udhuru kila saa, mara gari limeharibika, mara kuna msiba Tafo, mara mama haumwi wala si mzima. Halafu likaja lile lililomkata Dufie maini.

"Kuhusu Jumamosi," Bediako alisema kwenye simu, "tusogeze mbele kidogo."

"Tusogeze mpaka lini?"

"Kidogo tu."

"Kuna nini, Bediako?" Hakumwita Chafya, na wote wawili walilisikia hilo.

"Hakuna kitu."

Nguo ya dhahabu ikabaki kwenye mfuko wake. Dufie alikuwa na jibu moja tu kichwani, lile ambalo kila mwanamke angekuwa nalo. Kuna mwingine. Alianza kuunguza bodi za watu. Issifu alimwona akikitafuta kipande alichokuwa amekishika mwenyewe.

"Nenda ukamuulize," Issifu alimwambia. "Donda ndugu halifunikwi kwa kitambaa."

Akaenda. Jumamosi ile ile ambayo wangebishiwa hodi, alijifunga nguo nyeusi kama waombolezaji wengine na kwenda Bantama, ambako Bediako alikuwa akipiga muziki kwenye mazishi ya chifu mmoja mstaafu. Uwanja ulikuwa umejaa mahema, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, spika zimepangwa juu kama ukuta, ardhi yenyewe inatikisika. Alimkuta nyuma ya mtambo ule ule alioutengeneza kwa mikono yake.

"Tuongee!" alimpigia kelele.

"Nini?"

"Tuongee!"

"Sikusikii! Ngoja!" Bediako akanyoosha mkono ashushe sauti kidogo. Kwa kuchanganyikiwa akaizima kabisa.

"KAMA UMEPATA MWINGINE NIAMBIE!" alipaza sauti Dufie, na uwanja mzima ukamsikia.

Waombolezaji wakageuka. Bibi mmoja akasema, "Mwambie, mwanangu, usimfiche." Mwingine akacheka ndani ya kitambaa chake cha machozi. Bediako akaurudisha muziki haraka, akamshika Dufie mkono na kumvuta nyuma ya ukuta wa spika, jasho linamtoka.

"Hakuna mwingine. Nakuapia kaburi la baba."

"Sasa ni nini?"

"Ni Mama. Alikuja Adum kukuona. Kimya kimya, kama wanavyofanya kabla ya kubisha hodi." Alijifuta jasho. "Anasema alikusalimu hukumwitikia. Halafu ukampungia mkono wa kushoto, kama unamfukuza kuku."

Dufie aliirudia asubuhi ile kichwani. Zambarau, mkoba mweusi. "Yule alikuwa mama yako?"

"Kumbe unamkumbuka."

"Nilimwitikia, Bediako! Nilimwitikia, na mkono wa kushoto nikauombea radhi! Wewe unajua ninavyoitikia. Wewe mwenyewe unainamisha sikio!"

"Hakusikia."

"Kwa nini hakusikia? Alisimama karibu kama ulivyosimama wewe."

Bediako alitazama spika zake. Dufie naye akazitazama, ukuta ule wa kelele ambao Mama Birago alikaa kando yake Jumamosi zote za ndoa yake, na taratibu kitu kikakaa mahali pake, kama kipande kwenye risasi.

"Kile kifaa," alisema. "Hakikuwa cha baba wa mteja."

"Nilimwapia Mama sitamwambia mtu. Nani atakodi muziki kwa kiziwi? Yeye nilimwambia nimekipeleka kwa fundi Accra. Angejua kiko kwako angekufa kwa aibu, mkwe wake kuujua udhaifu wake hata kabla ya posa. Nilijaribu kumtetea, nikamwambia pengine hukusikia, Mama. Akaniambia, mkono wa kushoto nao ulihitaji masikio kuuona?"

"Kwa hiyo ulijua." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Siku zote hizi ulijua nilimwitikia."

"Nilidhani."

"Ulijua! Ukaniacha nijiulize nina kasoro gani. Ukaona afadhali mimi nionekane sina adabu kuliko wewe kuonekana mwongo."

Muziki ulikuwa ukiunguruma. Bediako alisema kitu, lakini Dufie alikuwa ameshageuka.

Bediako alipiga simu mchana na jioni. Issifu ndiye aliyekuwa akipokea.

"Shemeji, fundi yuko kwenye lenzi."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu juzi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini anaowapitia njiani ndio huumia. Neno lilitembea. Mama mdogo Afriyie, aliyemlea Dufie baada ya mama yake kufariki, alirudi kutoka kanisani uso umemvimba. "Wanasema mtoto niliyemlea mimi anawapungia wakubwa mkono wa kushoto. Mimi! Ni kweli?"

"Niliitikia, Mama. Na niliomba radhi."

"Sasa mbona hakusikia? Ni kiziwi?"

Neno moja tu la Dufie lingetosha. Pale Adum kulikuwa na fundi mmoja mzee, hodari kuliko wote, ambaye siku moja mtu alisema tu kwamba macho yake hayaoni vizuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa kwenye benchi lake. Dufie alimwona mzee huyo akisafisha vyombo vyake kila asubuhi, akingoja.

"Ni kelele za Adum, Mama," alisema. "Twende tukaombe radhi."

Kwa Bediako alituma ujumbe mfupi. *Tunakuja kwenu. Usiseme neno juu ya mama yako. Ukimwaibisha kwa ajili yangu, hatakaa anipende.*

Walimkuta Mama Birago nyumbani kwake Asafo, amekaa wima kwenye kiti cha mbao, kilemba cha zambarau kimeshuka mpaka kufunika masikio. Bediako alikuwa amesimama ukutani kama mshtakiwa. Maji yakaletwa, wakanywa, wakaulizwa la safari. Mama mdogo akaweka mezani trei ya mayai na chupa ya kinywaji, vya kuombea radhi, akaeleza kwa maneno matamu kwamba mtoto ni mtoto, hukosea, na mkubwa ni jalala.

Mama Birago alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayai nimeyapokea," alisema. "Na nimesamehe, mimi si mtu wa kinyongo. Lakini kusamehe ni jambo moja, kumwingiza mtu katika ukoo wangu ni jingine. Salamu ni bure, haina gharama. Anayeninyima ya bure nikiwa na nguvu, nikizeeka atanipa nini?"

"Mama—" Bediako alianza.

Dufie alimkata kwa jicho. Basi. Hivyo ndivyo yalivyokwisha. Alisimama, akainama kumshika mama mdogo, ambaye magoti yake hayakumtii, amwinue kwa mkono wa kulia. Mama mdogo alipojivuta aligonga meza. Bilauri ya Mama Birago ikayumba ukingoni. Mkono wa kushoto wa Dufie ukaruka wenyewe, ukaidaka, ukairudisha mbele ya mwenyewe.

"Samahani kwa kushoto, Mama," alinong'ona, uso umeinama, mdomo haukufunguka. Hakujua hata kwamba amesema.

"Umesema nini?"

Mama Birago alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini.

"Nimesema samahani kwa kushoto."

"Ndivyo unavyosema siku zote? Kwa sauti hiyo?"

"Ndivyo, Mama. Ni kazi imenizoesha."

Mama Birago alimtazama, kisha akamtazama mwanawe. Alikuwa mwanamke aliyeendesha biashara maisha yake yote, na hesabu haikumchukua muda. Taratibu alifungua kilemba. Mama mdogo Afriyie akaona kile ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiona kwake, kifaa kidogo cha rangi ya ngozi nyuma ya sikio. Dufie hakushangaa, na Mama Birago aliliona hilo.

"Bediako. Fundi wako wa Accra anaitwa nani?"

"Hakuna fundi wa Accra, Mama." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na yeye. Kosa ni langu peke yangu."

"Na siku nilipokwenda Adum," Mama Birago alimuuliza Dufie, "sikio langu lilikuwa wapi?"

Dufie alitazama sakafu. "Kwenye kibanio changu, Mama. Ndilo nililokuwa nimelishika."

Mama Birago akajifunga kitambaa chake vizuri, akachukua mkoba wake mweusi kutoka mezani, akatoka nje. Walidhani ameondoka. Mlango ukafunguka tena, akaingia kama mgeni, akasimama mbele ya Dufie.

"Mwanangu," alisema, na safari hii sauti ilimtetemeka, "habari za kazi?"

Machozi yalimjaa Dufie mpaka hakuweza kunyanyua sauti hata kama angetaka.

"Njema, Mama. Karibu."

Mama Birago alifumba macho. "Nimesikia," alisema. "Nimesikia, mwanangu."

Bediako aliwasindikiza mpaka langoni. Mama mdogo, ambaye ujana wake alikuwa bado anaukumbuka, akatangulia mbele akidai anatazama maua.

"Dufie."

"Usiniite hivyo kwa sauti ya huruma. Bado nina hasira nawe. Ulijua, ukaniacha."

"Niliogopa. Sina jibu jingine." Hakujaribu kumshika. "Sitakudanganya tena, hata kwa wema. Nakuuliza mbele ya nyumba ya mama yangu, tuje kubisha hodi, au tusije?"

Dufie alimtazama. Shati lake lilikuwa limelowa jasho kama siku ile ya kwanza. Akasema kitu, mdomo haukufunguka, kifua hakikutikisika.

Bediako aliinama, akatega sikio karibu na shavu lake. Gari la mizigo lilikuwa likipita barabarani linanguruma.

"Sijasikia, mpenzi. Umesema nini?"

Dufie alikuwa ameshaanza kumfuata mama mdogo. Hakugeuka.

"Nimeshakujibu, Chafya. Kamwombe mama yako akuazime sikio."